Santuri Haioni Miguu: Watunzi wa Ngoma na Mafundi wa Fani Nyingine

Mtunzi wa ngoma ndiye anayeamua mwili uelekee wapi, lini, kwa nguvu kiasi gani, na ukiandamana na nani. Mara nyingi huifanya kazi hiyo bega kwa bega na mtu wa fani nyingine: mtafiti wa muziki, mhandisi, msanifu majengo, daktari, mwandishi wa tamthilia. Vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani huuzungumzia ushirikiano wa namna hii kana kwamba ulivumbuliwa juzi. Afrika Mashariki haukuhitaji kuvumbuliwa, kwa sababu ngoma haikuwahi kukaa peke yake. Palikuwa na mhunzi wa kufua njuga, fundi wa kuwamba ngozi, mama wa kushona shanga, na mzee wa kusema ngoma hii si ya msimu huu.

Katika nchi ya Wakipsigis, ambayo leo ndiyo kaunti za Kericho na Bomet, hali ilikuwa hiyohiyo. Vijana wa kiume na wa kike walicheza kwa kuruka juu wima, mwili umenyooka, wakitua kwa kishindo kimoja. Wimbo uliongozwa na mmoja na kupokewa na wengi. Kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkongo kilishika mdundo. Mavazi ya ngozi yaliyopambwa kwa shanga na kauri nayo yalikuwa sehemu ya muziki, kwa maana yalipiga kelele mwili ulipotikisika. Wazee walilinda mipaka: nyimbo na ngoma za jandoni hazikuwa za kuonyeshwa kwa asiyehusika, na mpaka huo unaheshimiwa hadi sasa. Kwa hiyo mtu wa fani nyingine anapofika huko na daftari au mashine yake, anakuta kundi la mafundi waliokwisha kugawana kazi. Lililo gumu kwake ni kujua amwendee nani.

Mgeni aliyefika na mashine iliyopata kuvuma kuliko zote ni Hugh Tracey. Mwingereza huyu aliyeishi kusini mwa Afrika alizunguka bara kwa gari lililobeba mitambo ya kurekodia na jenereta, akikusanya muziki ambao aliamini ungepotea. Mwaka 1950 alifika Kapkatet, katika iliyokuwa wilaya ya Kericho, akarekodi waimbaji kadhaa wa Kikipsigis. Miongoni mwao walikuwamo wasichana waliomfuata Chemutoi Ketienya katika wimbo kuhusu mtu wa ajabu aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilipigwa kwa gramafoni huko Kericho. Inasemekana walioziingiza ni wamishonari. Sauti isiyo na mwili iliyotoka kwenye sanduku iliwafikirisha vijana wa Kipsigis, wakaitungia mwili: nusu mtu, nusu swala. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wanamhimiza Chemirocha acheze ngoma ya kuruka inayojulikana na kila Mkipsigis, aruke kwa nguvu hata achomoke kutoka ndani ya nguo zake mwenyewe.

Wimbo huo umezungumziwa sana kama kichekesho cha kukutana kwa dunia mbili. Ukiutazama kwa jicho la mtunzi wa ngoma, una jambo zito zaidi. Wasichana wa Kapkatet walipokea kazi ya msanii wa fani nyingine, wa bara jingine, aliyekuwa keshakufa, wakaitafsiri kwa lugha ya miguu. Rodgers hakujulikana kwa kuruka, walimrusha wao. Walivifanya gitaa na sauti yake vifuate sheria za ngoma yao. Hayo ndiyo hasa yanayoitwa ushirikiano na watu wa sanaa wa leo, isipokuwa mmoja wa washirika hakupata kujua kwamba anashirikishwa.

Lakini kuna kilichokosekana. Tracey alikuwa mtu wa sikio. Mashine yake ilinasa sauti za wasichana, nyuzi za kinanda na pumzi zao. Haikunasa walivyotua, goti lilivyokunjwa, wala nani alitangulia na nani akafuata. Kuruka ambako ndiko kiini cha wimbo wote kumebaki katika mstari mmoja wa maelezo yake. Santuri imesafiri dunia nzima, na msikilizaji wa Tokyo au Boston anaweza kuusikia wimbo huo leo, huku miguu iliyoupa maana haimo ndani yake. Lau kama mtu wa ngoma angeketi karibu na mtu wa mashine siku ile, hifadhi ingekuwa na kitu kingine kabisa.

Wala si kwamba njia ya kuandika mwendo haikuwapo. Rudolf Laban, mtunzi wa dansi aliyezaliwa mwaka 1879 katika mji uitwao leo Bratislava, alikuwa ametangaza mfumo wake wa kuandika miondoko kwa alama tangu 1928. Kama noti zinavyomwambia mpiga kinanda abonyeze wapi na kwa muda gani, alama za Laban humwambia mchezaji ni kiungo kipi kinachosogea, kuelekea upande gani na kwa muda gani. Mfumo huo bado unatumika, ingawa ni wachache wanaoweza kuusoma, kwa kuwa kujifunza kwake kunachukua miaka.

Kwa msomaji wa Kericho na Bomet, nchi ya chai, sehemu inayogusa zaidi katika maisha ya Laban ni ile iliyofuata. Utawala wa Hitler ulipopiga marufuku kazi aliyoiandaa kwa ajili ya Olimpiki ya Berlin ya 1936, alikimbia, akafika Uingereza mwaka 1938. Vita vikiwa vimepamba moto, mhandisi wa Manchester aliyeitwa F. C. Lawrence alimwendea na tatizo la kiwandani. Wanaume walikuwa vitani. Wanawake walikuwa wameingia katika kazi za kubeba na kusukuma vitu vizito kama matairi, na mbinu za zamani zilipimwa kwa misuli ya wanaume. Wahandisi wa wakati huo walizoea kupima kazi kwa saa ya kuhesabia sekunde: mwendo huu sekunde ngapi, ule sekunde ngapi, punguza. Laban hakuanza na saa. Aliuliza mwendo una uzito gani, unatumia wakati vipi, unaelekea nafasi ipi, na unatiririka au unazuiwa. Kutokana na maswali hayo aliwafundisha wafanyakazi kuuyumbisha mwili na kutumia kasi ya mzigo wenyewe badala ya kuunyanyua kwa mkono mtupu. Pia alisisitiza kwamba mwendo wa kujikaza lazima ufuatwe na wa kujiachia, la sivyo mwili unachakaa. Mwaka 1947 yeye na Lawrence walichapisha kitabu kiitwacho Effort.

Ushirikiano huo unastahili kukaziwa macho kwa sababu kila upande ulibadilika. Mhandisi aliacha kuona mkono kama kipande cha mashine. Mtunzi wa dansi naye aliondoka kiwandani na nadharia ya mwendo ambayo wachezaji, waigizaji na hata matabibu wa viungo wanaitumia hadi leo. Katika miradi mingi inayojiita ya fani mbalimbali, mmoja tu ndiye anayebadilika, au hakuna abadilikaye: mwanasayansi anatoa mada, mchezaji anaipamba, picha zinapigwa, kila mtu anarudi kwake.

Mawazo ya Laban yanaeleweka haraka zaidi yakipelekwa kwenye shamba la chai kuliko yakisomwa kitabuni. Mchunaji husimama katikati ya mistari, mbele yake meza ya majani iliyokatwa usawa wa kiuno. Mikono yote miwili inafanya kazi kwa pamoja. Kidole gumba na cha shahada vinatafuta majani mawili na chipukizi, vinavunja kwa mkato mwepesi. Anayevuta anararua kichaka na kuchuma majani mazee. Viganja vikijaa, mikono inarushwa nyuma ya bega hadi kwenye kikapu. Ufito unalazwa juu ya meza kuonyesha usawa ili jani lililo chini lisiguswe. Uzito wa vidole ni mdogo, wakati ni wa ghafla, nafasi inalengwa barabara. Mrusho wa kwenda begani ni kinyume chake kabisa: mkono mzima, mwepesi, unaotiririka. Mchunaji hodari ni yule anayeupumzisha mwili katika mrusho. Mgeni anachoka upesi kwa sababu anabana mwili mzima katika kazi ya vidole viwili.

Hakuna aliyemwita mchunaji huyo mchezaji, na pengine hataki kuitwa hivyo, maana yuko kazini na analipwa kwa kilo. Hata hivyo mwili wake una elimu ambayo mtu wa ngoma anaweza kuisoma kuliko mkaguzi mwenye mizani. Mgongo ndio unaolipa gharama ya kutosomwa huko. Madai ya wachunaji wa Kericho kuhusu maumivu ya mgongo na viungo yalifika hadi mahakama za Scotland, na hoja zake zilihusu mambo ambayo mtunzi wa dansi angeyatambua mara moja: kuinama, kupinda kiuno, kubeba, kurudia tendo lilelile siku nzima. Wakati huohuo mashine za kuchuna zimekuwa zikichukua nafasi ya mikono kwenye mashamba makubwa, jambo lililochochea hasira kiasi kwamba Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho. Mikono ikiondoka, mwendo nao unaondoka. Kazi iliyoanza na mashamba ya miaka ya 1920, iliyowakutanisha Wakipsigis na Wakisii, Waluo na Waluhya katika mistari ileile ya majani, haijaandikwa kwa alama za mtu yeyote.

Jaribio kubwa zaidi la Kenya la kuunganisha ngoma na fani nyingine lilifanyika pia karibu na chai, ingawa ni chai ya Limuru. Katika kijiji cha Kamiriithu, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitunga tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na Kimani Gecau akaiongoza. Waigizaji walikuwa wanakijiji, wakiwamo wakulima na vibarua wa mashamba na wa kiwanda cha viatu. Ukumbi wa wazi waliujenga wenyewe. Waandishi waligundua mapema kwamba nyimbo na ngoma hazikuwa mapambo ya kujazia nafasi kati ya mazungumzo. Zilikuwa na hoja zake, na wazee waliozicheza ujanani walikuwa na mamlaka juu yake kuliko mwandishi. Wanakijiji walisahihisha maneno, hatua na mpangilio wa sherehe. Serikali iliufutia mchezo kibali mwezi Novemba mwaka huohuo. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwishoni mwa Desemba, na mwaka 1982 ukumbi wa Kamiriithu ulibomolewa na polisi. Ni nadra kuona serikali ikiogopa dansi. Iliogopa mkusanyiko wa mwandishi, mjenzi, mchezaji na kibarua ambao kila mmoja alikuwa amejua kazi ya mwenzake.

Njia iliyopendwa na dola ilikuwa nyingine. Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971, pembezoni mwa Nairobi, ili kuhifadhi na kuonyesha utamaduni kwa wenyeji na watalii. Hapo mtunzi wa ngoma alifanya kazi na wasanifu majengo na watu wa utalii: nyumba za jamii mbalimbali zikajengwa uwanjani, na kundi moja la wachezaji likafunzwa ngoma za makabila mengi. Kwa mtaalamu wa jukwaa hilo ni darasa kubwa. Ngoma iliyokuwa ikichezwa saa nyingi kwenye mduara, wachezaji wakitazamana, inafupishwa iwe dakika chache na kugeuzwa imtazame mtazamaji aliyeketi. Kitu kinapatikana, kitu kinapotea. Kinachopotea mara nyingi ni mtu wa pembeni: bibi anayepiga vigelegele, mtoto anayejaribu hatua nyuma ya wakubwa, kijana anayeingia amechelewa na kupokewa kwa wimbo wa utani.

Kwa wakazi wengi wa Kericho na Bomet, hata hivyo, mahali wanapomwona mtunzi wa dansi akifanya kazi na watu wengine ni shuleni. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 na lile la drama la shule na vyuo mwaka 1959. Leo yote mawili yana vitengo vya ngoma, za asili na za ubunifu. Dansi ya ubunifu ndiyo inayohusika zaidi hapa. Kanuni yake ni kusimulia kisa kwa mwili, wimbo, maleba na vifaa vya jukwaani, huku hatua zikichotwa katika ngoma za jamii fulani. Shule ikiamua kutunga kuhusu ukataji wa msitu wa Mau, kwa mfano, mwalimu wa lugha anatunga kisa, mwalimu wa jiografia anaeleza mito inavyokauka, mafundi wa mbao wanatengeneza mti unaoweza kuanguka bila kumuumiza mtoto, na shanga na ngozi zinakodiwa au kuombwa kwa akina mama wa mtaani. Mtunzi wa dansi, ambaye mara nyingi ni kijana aliyewahi kushiriki tamasha hizo mwenyewe na sasa anaajiriwa na shule moja baada ya nyingine, ndiye anayeviunganisha vyote.

Kisha safari ya ngazi kwa ngazi inaanza, kutoka tarafani hadi taifa, na kila ngazi waamuzi wanatoa maoni na dansi inarekebishwa. Kwa hesabu ya watu wanaoguswa, jambo hili ni kubwa mno, na inashangaza kwamba linaandikwa kwa nadra sana. Maelfu ya watoto wa nchi ya chai wamejifunza kwa miguu yao jinsi wazo la somo moja linavyogeuzwa kuwa tendo katika somo jingine.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mada. Taasisi za umma hupenda kudhamini ujumbe, ufisadi mwaka huu, dawa za kulevya mwaka ujao, na shule inayotaka kushinda huufuata. Matokeo yake dansi inakuwa bango linalotembea: mchezaji anasimama kuimba onyo, halafu anaendelea kuruka, na kuruka kwenyewe hakuna uhusiano wowote na onyo. Wa pili ni huyo mtunzi wa kukodiwa. Kwa kuwa anafunza shule za Bomet leo na za kwingineko wiki ijayo, hatua zake zinafanana kila mahali, na ngoma ya kuruka ya Kipsigis inaanza kutikisa mabega kwa namna iliyobuniwa maili mia tano kutoka hapo. Ubunifu ni haki yake. Tatizo ni kwamba bibi aliye umbali wa kutembea kutoka shuleni, anayejua ngoma ileile ilivyotua, hakuitwa hata kwa kikombe cha chai.

Nairobi ilipata mahali pa kujaribia ushirikiano usio na mashindano mwaka 2003, GoDown Arts Centre ilipofunguliwa katika maghala ya zamani ya eneo la viwanda. Chini ya paa moja waliwekwa wachezaji, wachoraji, wanamuziki na watu wa filamu. Ukaribu wa namna hiyo huzaa miradi ambayo hakuna kamati ingeipanga, kwa sababu mtu anamsikia mwenzake kupitia ukutani. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1990, Opiyo Okach, aliyejifunza sanaa ya kuigiza bila maneno huko London, alikuwa ameunda kundi la Gàara pamoja na Afrah Tenambergen na Mkongo Faustin Linyekula. Kazi yao Cleansing ilipata tuzo katika mashindano ya dansi ya Afrika yaliyofanyika Luanda mwaka 1998, na watu wengi huihesabu kuwa mwanzo wa dansi ya kisasa nchini Kenya.

Katika GoDown hiyohiyo ilikuwa pia Ketebul Music, asasi iliyoanzishwa na Tabu Osusa kwa ajili ya kutafiti na kuhifadhi muziki wa Kenya. Ndiyo iliyokuja kufunga duara la Kapkatet kwa kiasi fulani. Rekodi za Tracey zinahifadhiwa na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya muongo wa 2010, maktaba hiyo na mradi wa Singing Wells, ambao Ketebul ni mshirika wake, walizirudisha nakala kwa jamii zilizorekodiwa, wakafika Kapkatet na kukuta wazee waliokuwapo mwaka 1950. Safari hii kamera zilikuwapo. Mtu wa kurekodi video, mwanamuziki, mtunza kumbukumbu na mzee wa kijiji walisimama mahali pamoja, na waliposikia santuri ikipigwa, walioujua wimbo waliuimba.

Linyekula naye aliondoka Nairobi, akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa mwaka 2001, kisha akahamia Kisangani, mji alikokulia, ambako Kiswahili na Kilingala vinasikika mtaa mmoja. Huko ushirikiano wake ulivuka jukwaa. Akifanya kazi na msanifu majengo Bärbel Müller wa Vienna, alifikiria mji mzima kama nafasi ya kutungiwa mwendo: badala ya ukumbi mmoja mkubwa wa fahari katikati ya mji, vituo vidogo kadhaa katika mitaa tofauti, ili mtu avuke mto na kukutana na mtu wa upande wa pili. Katika mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya Mto Kongo, kikundi chake kilijishughulisha hata na usafishaji wa maji ya kunywa. Anayeuliza maji yanahusiana nini na dansi hajawahi kuwafundisha vijana wanaougua tumbo kila wiki.

Kwenye jukwaa lenyewe Linyekula amewaita watu wa kila aina. Katika more more more… future ya mwaka 2009, mpiga gitaa Flamme Kapaya aliuvuruga muziki wa ndombolo, maneno yalitoka kwa Antoine Vumilia Muhindo, mshairi aliyekuwa mfungwa wa kisiasa, na mavazi yalibuniwa na Lamine Kouyaté wa chapa ya mavazi ya Xuly Bët. Hakuna kati yao aliyeletwa kupamba. Mavazi yalikuwa makubwa na mazito kiasi cha kumlazimisha mchezaji abadili namna ya kuruka, na mashairi ya mtu aliyefungiwa yaliupa mwili unaocheza swali la kujibu.

Fani ya tiba ndiyo ambayo imezaa matunda ya kupimika zaidi nje ya Afrika. Mwaka 2001 kundi la dansi la Mark Morris la Brooklyn lilianza madarasa kwa watu wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao hutetemeka, hukaza viungo na wakati mwingine hukwama kabisa katikati ya hatua. Wachezaji hawakuja kama matabibu. Walileta kile wanachokijua: mdundo unaomtangulia mtu na kumvuta, na taswira inayoupa mwendo lengo. Madarasa hayo yameenea nchi nyingi. Uingereza, mtunzi Wayne McGregor aliketi na wanasayansi wa ubongo wa Cambridge na kutoa AtaXia mwaka 2004, kuhusu mwili unaopoteza uratibu wake. Uganda ilikuwa imetangulia kwa njia yake. Asasi ya TASO, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, ilikuwa na vikundi vya nyimbo, ngoma na maigizo vya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo dawa hazikupatikana na kusimama hadharani kulihitaji ujasiri. Mgonjwa akicheza mbele ya majirani aliwaonyesha kwa mwili wake kwamba bado yupo, jambo ambalo kipeperushi cha hospitali hakikuweza kulifanya.

Ushirikiano ukifanikiwa, swali la mali huja haraka. Jina la nani liandikwe? Mkataba wa Berne unazitaja kazi za dansi miongoni mwa zinazolindwa kwa hakimiliki, lakini ulinzi huo umekatwa kwa kipimo cha mtunzi mmoja mwenye jina. Ngoma ya kuruka ya Kipsigis haina mtunzi mmoja. Kenya ilijaribu kuziba pengo hilo kwa Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kiutamaduni ya mwaka 2016. Sheria hiyo inazitambua ngoma za jamii kama mali ya jamii, inamtaka anayezitumia nje ya desturi apate kwanza ridhaa ya wenyewe, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista. Kwa maneno mengine, kampuni ya matangazo au mtunzi wa dansi kutoka nje hawezi tena kusema ameokota hatua njiani.

Kaunti za Kericho na Bomet zina kila kinachohitajika kwa kazi ya maana: taasisi ya utafiti wa chai iliyo mjini Kericho, Chuo Kikuu cha Kabianga, hospitali ya Tenwek iliyoanza kuhudumu tangu miaka ya 1930, shule zenye watunzi hodari, na wazee ambao bado wanaweza kusimama na kuonyesha. Rejista inayotakiwa na sheria isiandikwe na karani peke yake. Akaaye na mzee awe mtu wa ngoma mwenye kuona goti na kisigino, pamoja na mwenye kamera na mwenye kujua Kikipsigis vizuri, na yaliyo ya jandoni yaachwe yalipo. Na mwalimu atakayepeleka dansi kwenye tamasha lijalo, aandike katika karatasi ya waamuzi jina la mzee au bibi aliyemfundisha hatua, kisha amlipe kama anavyomlipa mtunzi wa kukodi.